Satelaiti haina pa kuegemea

Mwezi uliopita fundi alikuja kurekebisha dishi lililo juu ya paa la ofisi ya kamati ya msikiti wetu. Upepo wa kusi ulikuwa umelisogeza, na kwa siku tatu luninga ya ukumbini ikawa haionyeshi kitu isipokuwa chenga. Fundi alipanda ngazi, akalegeza nati, akalirudisha dishi kwa kiasi kisichofika upana wa kidole, na picha ikarejea. Watoto wa madrasa walikuwa wamesimama chini wakitazama. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka tisa hivi, alitugeukia akauliza: “Ustadhi, hili limesogezwa na upepo na fundi amelirudisha. Na lile la huko juu likisogea, nani hupanda kulirudisha?”

Tulimjibu kwa haraka, kama wafanyavyo watu wazima wenye funguo mkononi na shughuli zinazowasubiri, kwamba huko juu hakuna upepo. Jibu hilo lilimnyamazisha lakini halikumtosheleza, na kwa hakika halikututosheleza hata sisi. Usiku tulipolitafakari swali lake tuliona kwamba yeye ndiye aliyegusa jambo la msingi, na sisi ndio tuliolikwepa. Makala haya ni jibu tulilodaiwa, nasi tunaliweka katika ukurasa wa familia kwa kuwa hatudhani kwamba nyumba ile ni ya pekee kuwa na mtoto wa namna hiyo.

Satelaiti za matangazo ya luninga hukaa juu ya mstari wa ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, zikienda sambamba na mzunguko wa dunia. Ndiyo maana kwetu huonekana kana kwamba zimetundikwa mahali pamoja. Sasa tuseme satelaiti mojawapo imegeuza uso wake kwa digrii moja tu. Kwa umbali ule, kitovu cha matangazo yake kitahama kwa zaidi ya kilomita 600 juu ya ardhi, masafa yanayokaribia yale ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi. Mji uliokuwa ukipata picha utabaki na chenga, na hakuna fundi wa kumpandisha ngazi.

Hapa yapo mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni njia ya satelaiti, na la pili ni mwelekeo wa uso wake. Njia hulindwa na mwendo wa satelaiti yenyewe pamoja na mvuto wa dunia. Ukishaifikisha juu kwa kasi inayostahiki, itazunguka bila ya injini kuisukuma kila saa. Lakini njia haisemi lolote kuhusu uso. Mtoto akirusha embe bichi hewani, embe litapita katika njia yake ya upinde kama kawaida, huku lenyewe likibiringika litakavyo. Satelaiti nayo yaweza kushika njia yake barabara ilhali inapinduka kichwa chini miguu juu, na ikiwa hivyo haina faida kwa mtu yeyote.

Sisi wa ardhini hatuioni taabu hii kwa sababu kila kitu chetu kina pa kuegemea. Kabati limekaa juu ya sakafu, ngalawa ina maji na matengo yake, kunguru ana hewa chini ya mbawa. Na kitu kikizunguka huku kwetu, msuguano hukisimamisha baada ya muda, kama feni inavyotulia umeme unapokatika. Satelaiti haina sakafu, haina maji, wala haina hewa ya kutosha kuizuia. Ikiguswa kidogo itaanza kugeuka, na itaendelea kugeuka siku, mwezi na mwaka.

Nayo huguswa, na hapo ndipo jibu letu la “hakuna upepo” lilipokosea. Mwanga wa jua wenyewe husukuma. Msukumo wake juu ya bapa la mita moja ya mraba ni mdogo kuliko uzito wa mbu mmoja, lakini mbu huyo hachoki wala haondoki. Kwa satelaiti zilizo karibu zaidi, mabaki ya hewa huzikwaruza. Usumaku wa dunia huvutana na umeme uliomo ndani ya chombo. Hata mvuto wa dunia hugeuza, kwa kuwa upande ulio karibu na dunia huvutwa zaidi kidogo kuliko upande ulio mbali. Mwezi, ambao familia zetu huutafuta kila mwisho wa mwezi, hutuonyesha uso mmoja tu kwa sababu ya tofauti hiyohiyo ya mvuto, na baadhi ya satelaiti za awali zilifungwa fimbo ndefu ili zinufaike nayo.

Njia ya kwanza waliyoitegemea wahandisi ni ile inayojulikana na kila mtoto aliyewahi kucheza pia. Pia iliyosimama tuli huanguka, lakini inayozunguka kwa kasi husimama wima na hukataa kuinamishwa. Satelaiti ya kwanza ya Marekani, Explorer 1, iliyorushwa tarehe 31 Januari 1958, ilizungushwa kwa namna hiyo. Ilikuwa nyembamba na ndefu, mfano wa bomba la urefu wa mita mbili hivi, na ilitakiwa izunguke kama risasi inavyozunguka, ncha mbele. Haukupita muda mrefu ikawa inapinduka kitako mbele, ncha nyuma, kama fimbo iliyorushwa hovyo. Hakuna aliyeigonga wala kitu kilichovunjika. Kosa lilikuwa katika antena zake nne za waya laini. Kila zilipotikisika zilipoteza nishati kidogo, na chombo chembamba kinachopoteza nishati huku kikizunguka hatimaye huacha mzunguko wa risasi na kuingia katika mzunguko wa fimbo, kwa maana huo wa pili ndio unaohitaji nishati ndogo zaidi.

Kwamba vitu laini vya ndani huuharibu mzunguko, wazazi wanaweza kuwaonyesha watoto jikoni kwa mayai mawili, moja bichi na moja lililochemshwa. Yazungusheni yote juu ya meza. Lililochemshwa litazunguka vizuri. Bichi litayumba na kuchoka mapema, kwani ute wa ndani hauendi pamoja na ganda. (Tunashauri bichi lizungushwe na mtu mzima. Tumekwishafuta meza mara moja na hatupendi kuifuta tena.)

Somo la Explorer 1 lilizingatiwa. Miaka 12 baadaye satelaiti nyingine yenye kuzunguka ilirushwa kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki, katika jukwaa la San Marco lililosimikwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 12 Disemba 1970, maadhimisho ya uhuru wa Kenya, na kwa ajili hiyo satelaiti hiyo ya Marekani ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta mbinguni vyanzo vya miale ya eksirei, miale ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Uhuru ilijizungusha polepole mno, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, na ndani yake lilikuwamo gurudumu lenye kasi la kuituliza, pamoja na sumaku za umeme zilizosukumana na usumaku wa dunia ili kuugeuza mhimili wake. Kwa hiyo kuzunguka kwake hakukuwa kasoro ya kuvumiliwa. Kila ilipozunguka, vifaa vyake vilifagia ukanda wa anga. Orodha ya mwisho iliyotokana nayo ina vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Tunaona ajabu kwamba jina hili halitajwi zaidi madarasani kwetu.

Hata hivyo, kuna kazi ambazo mzunguko hauzifai. Darubini inayotazama nyota moja kwa saa nyingi haiwezi kuwa pia. Yahitaji kutulia kabisa, na kutulia bila ya pa kuegemea ndiko kuliko kugumu.

Ili tumweleze mtoto wetu jambo hili, tulimwita ofisini na kumkalisha katika kiti cha katibu, kile kinachozunguka. Tukamwambia ainue miguu isiguse chini, anyooshe mikono, kisha aipeleke yote kwa nguvu upande wa kulia. Kiti kiligeuka kushoto. Alipoirudisha mikono, kiti nacho kikarudi. Hakushika ukuta wala meza, bali sehemu moja ya mwili wake ilijisukuma dhidi ya nyingine. Alicheka, akarudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa elimu, mpaka Mzee mwenyekiti akachungulia mlangoni kuuliza kulikoni.

Satelaiti hufanya hivyo kwa magurudumu mazito yaliyomo tumboni mwake, yanayoendeshwa na mota za umeme. Gurudumu likiongezewa kasi upande mmoja, chombo chote hugeuka taratibu upande wa pili; likipunguzwa, chombo hutulia. Yakiwapo matatu yaliyoelekezwa pande tatu tofauti, chombo chaweza kugeukia popote, na kwa kawaida huongezwa la nne la akiba. Darubini ya Hubble hugeuzwa kwa magurudumu manne ya namna hii, kwa mwendo usiozidi sana ule wa mkono wa dakika wa saa ya ukutani. Lakini ikishatulia, mtikisiko wake ni mdogo kuliko upana wa sarafu inayotazamwa kutoka umbali wa kilomita 300.

Magurudumu haya yana deni. Yule mbu wa mwanga wa jua husukuma upande uleule siku baada ya siku, na kila anaposukuma, gurudumu hulazimika kuongeza kasi kidogo ili kumzuia. Kasi hiyo haipotei, bali hujilimbikiza hadi gurudumu linapofika mwisho wa uwezo wake, mizunguko elfu kadhaa kwa dakika. Hapo deni lazima lilipwe nje. Satelaiti zilizo chini hulipa kwa sumaku, kama Uhuru. Zilizo mbali hulipa kwa kufyatua vijimota vidogo vya gesi wakati gurudumu linapunguzwa kasi. Gesi hiyo hubebwa siku ya kurushwa, na haiongezwi. Satelaiti nyingi za luninga hustaafu baada ya miaka kama 15 zikiwa na vifaa vizima, kwa sababu mafuta ya kuzirudisha kituoni na kulipa deni hili yamekaribia kwisha.

Tumeeleza namna ya kugeuka. Lakini anayegeuka yampasa kwanza ajue ameelekea wapi. Manahodha wa majahazi yetu walisoma nyota. Satelaiti pia husoma nyota, kwa kamera ndogo inayopiga picha ya anga na kuilinganisha na ramani iliyohifadhiwa ndani. Katikati ya picha moja na nyingine hutegemea jairoskopu, kifaa kinachohisi kugeuka, mfano wa mtu aliyefumba macho lakini anahisi gari linapokata kona. Kifaa hiki ni chepesi kuhisi, ila hisia zake huhitaji kusahihishwa na nyota, la sivyo makosa madogo hujumlishwa yakawa makubwa.

Ni katika jambo hili Wajapani walipata msiba mwaka 2016. Tarehe 17 Februari walirusha darubini ya miale ya eksirei waliyoipa jina la Hitomi, maana yake mboni ya jicho. Ilikuwa na uzito wa tani 2.7 na urefu wa mita 14 ilipokunjuliwa. Tarehe 26 Machi, baada ya kugeukia eneo jipya la kutazama, masahihisho ya kamera ya nyota hayakupokelewa ipasavyo, na kompyuta ikabaki na hesabu ya hisia peke yake. Hesabu hiyo ilidai kwamba chombo kinageuka kwa zaidi ya digrii 20 kwa saa. Chombo kilikuwa kimetulia tuli. Magurudumu yakatii, yakaanza kuzuia mzunguko usiokuwapo, na kwa kufanya hivyo yakauanzisha wa kweli. Sumaku hazikufanikiwa kulipa deni. Mfumo wa dharura ulipoona hatari ukaamuru vijimota vifyatuliwe, lakini maelekezo ya vijimota hivyo, yaliyopelekwa kutoka ardhini wiki kadhaa kabla, yalikuwa na kosa ambalo hakuna aliyelibaini. Badala ya kupunguza mzunguko yakauongeza. Mabapa ya jua yakang’oka, chombo kikakatika vipande. Mwezi uliofuata wakuu wa anga wa Japani walitangaza kwamba hawakuwa na njia ya kukirudisha. Kazi ya miaka mingi ya mamia ya watu ilikuwa imefanya uchunguzi wa wiki chache tu. Mrithi wake, XRISM, alirushwa Septemba 2023.

Tulisita kumsimulia mtoto kisa hiki kwa kuwa ni cha huzuni, lakini alikisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza swali la pili: “Na kama gurudumu lenyewe limekufa?”

Swali hilo lina jibu zuri. Mwezi Machi 2009 Marekani ilirusha darubini iitwayo Kepler. Kwa usahihi Kepler haikuizunguka dunia bali jua, mbali ambako hakuna mwanaanga angeweza kuifuata kwa matengenezo. Kazi yake ilikuwa kutazama eneo moja tu la anga bila kupepesa, likiwa na nyota zaidi ya 150,000, ikisubiri mwanga wa nyota ufifie kidogo pale sayari inapopita mbele yake. Sayari yenye ukubwa wa dunia yetu, ikipita mbele ya nyota kama jua, hupunguza mwanga kwa sehemu 8 hivi katika 100,000. Darubini ikitetereka hata kidogo, nyota huhama mahali pake katika kamera, na kupungua huko hakuonekani tena.

Kepler ilikuwa na magurudumu manne na ilihitaji matatu. Mwezi Julai 2012 moja lilikwama. Wakabaki na matatu kamili, bila ya akiba, huku wakitazama msuguano wa mojawapo ukipanda. Mwezi Mei 2013 hilo nalo likafa. Wahandisi wakajaribu kuyaamsha kwa miezi kadhaa, wakiyageuza mbele na nyuma kama mtu anavyolitikisa beringi lililoshika kutu, na mwezi Agosti wakatangaza kwamba jitihada za kuyarudisha zimekoma. Magurudumu mawili yaliweza kuzuia chombo kisiyumbe pande mbili. Upande wa tatu, ule wa kujiviringisha kuuzunguka mhimili wa darubini, ulikuwa huru, na mwanga wa jua ulikisukuma upande huo.

Wahandisi wa kampuni iliyoijenga, pamoja na wenzao wa NASA, walirudi kwa yule mbu. Mabapa ya jua ya Kepler yalikuwa yamepangwa mfano wa paa la nyumba, miteremko miwili inayokutana kwenye mgongo. Wakauliza: itakuwaje tukiugeuza mgongo wa paa ulielekee jua sawasawa? Mwanga utaanguka kwa nguvu ileile kwenye miteremko yote miwili, na msukumo wa kulia utaufuta ule wa kushoto. Adui akawa gurudumu la tatu.

Mizani hiyo haikuwa ya kudumu. Ni kama mtoto anaposimamisha ufagio juu ya kiganja: utaanguka tu, lakini akiuwahi mapema, mkono huhitaji kusogea kidogo. Kepler iliwahiwa kwa vijimota vyake, ambavyo vilifyatua kila baada ya saa sita hivi na kuirudisha mahali pake. Wala haikuweza tena kutazama eneo lake la zamani, kwa maana mizani hiyo ilipatikana pale tu darubini ilipoelekea kando ya njia yake ya kulizunguka jua. Kila baada ya siku 80 hivi ilibidi igeuzwe ili jua lisiingie ndani ya darubini. Wakakubali sharti hilo, na kila kipindi wakatazama anga jipya.

Mwezi Mei 2014 mpango huo uliidhinishwa, ukaitwa K2. Chombo kilichokuwa kimetangazwa kilema kikaendelea na kazi zaidi ya miaka minne, na hadi kinastaafu kilikuwa kimechangia kugunduliwa kwa sayari zaidi ya 2,600 nje ya mfumo wa jua letu. Kilichokimaliza hakikuwa gurudumu bali mafuta ya vile vijimota. Tarehe 30 Oktoba 2018 ilitangazwa kwamba yamekwisha, na tarehe 15 Novemba amri za mwisho zikapelekwa za kuzima redio zake. Bado kinalizunguka jua kwa muda wa siku 373 hivi kila mzunguko. Uso wake unageukia upande wowote mwanga unakousukuma.